Mlio wa Kitoto cha Mbweha

Mwezi uliopita mwanangu alinifuata jikoni na simu mkononi, anacheka, anataka nione Mmarekani mmoja anavyowinda koyoti. Koyoti ni mnyama wa jamii ya mbweha, mwembamba, mjanja kupita kiasi. Mwindaji alikuwa amekaa kichakani, kajipaka matope usoni, na hatua chache mbele yake kaweka spika ndogo inayotoa milio ya wanyama. Kwanza aliweka mlio wa sungura aliyeumia. Koyoti akatokea mbali, akanusa upepo, akazunguka, akakaa kitako. Hakuja. Mwindaji akanong'ona kwamba huyu kesha kudanganywa siku za nyuma, kwa hiyo sasa atamwekea mlio ambao jike mwenye watoto hawezi kuuvumilia. Akabonyeza, na ile spika ikaanza kulia sauti ya kitoto.

Sikungoja kuona mwisho. Nilimpokonya simu nikaibamiza mezani mpaka kioo kikapata ufa. "Zima upumbavu huu ndani ya nyumba yangu!" Mtoto alibaki ananitazama mdomo wazi. Ana miaka kumi na minne na hajanizoea hivyo. Nilimwomba radhi baadaye, lakini sikumweleza kitu. Nawaeleza nyinyi wa rika langu, mliolelewa na ami na wajomba walioletwa kutoka nyumbani, wakawapikia, wakawapeleka shule, na ambao mpaka leo hamjui muwaweke wapi moyoni.

Tulikaa Kilburn, London, nyumba ya kupanga ya ghorofa ya chini, yenye kiuwanja nyuma na uzio wa mbao uliooza. Mama aliondoka nilipokuwa na miaka tisa. Nitasema wazi, kwa sababu kwetu halikusemwa wazi hata siku moja: baba alikuwa akimpiga. Mara ya mwisho alimpiga kwa sababu amejiandikisha chuo kusomea uuguzi bila kumwomba ruhusa. Asubuhi iliyofuata mama alinisuka nywele, akanipeleka shule, akanibusu getini, na jioni aliyekuja kunichukua alikuwa baba. Akaniambia mama yako kapenda vitabu kuliko wewe. Alikuwa akilia alipoyasema hayo, na mimi nikaamini, maana sikuwahi kumwona mwanamume analia.

Sasa, kwetu Pemba mwanamke akiudhiwa hurudi kwao. Hukaa huko siku, wiki, mpaka mume akusanye wazee wake na sinia la kanga na udi, waende kumwomba. Wa kwao humkalisha mume, humpasha, humtoza ahadi, na wakiridhika ndipo mke hurudi. Wasiporidhika harudi. Lakini mama London hakuwa na kwao. Wazazi wake walishakufa na kaka yake alikuwa Muscat. Akaenda kujihifadhi kwa Wanjiru, Mkenya aliyefanya naye kazi kwenye nyumba ya kulelea wazee, na mtaa wenyewe hakumwambia mtu. Kwa ndugu za baba hilo ndilo lililokuwa kosa lake kubwa. Kuondoka kwake waliweza kukuelewa. "Mke hajifichi," walisema. "Kwani kaiba?"

Ndipo alipoletwa Ami Kombo, kaka yake baba, atutazame. Alishuka uwanja wa ndege na kofia yake ya vito, ile ya kushonwa kwa mkono, na koti aliloazimwa lenye mikono inayomfunika vidole, na tangu siku ile nyumba ikapata joto. Alipika mkate wa kumimina kwenye sufuria ya kukaangia chipsi. Alinisindikiza shule akisimama kila mti kuwashangaa kindi. Alijaribu kunisuka, akanitoa njia zilizopinda mpaka mwalimu akaniuliza nani kanifanyia hivi, nami nikamjibu kwa majivuno, my uncle. Nilimpenda sana. Naliandika hili huku nimeuma meno, lakini ndiyo kweli yenyewe.

Kila Alhamisi, Ami akiwa ameenda msikitini kusali alasiri, simu ililia. Ilikuwa mama. Ilikuwa saa yake ya mapumziko kazini, na saa ile alijua niko peke yangu. Sauti nyingine ikiitikia, alikata bila kusema neno.

"Mwanangu, ni mie. Ushakula?"

Nilimjibu kwa Kiingereza, kama nilivyomjibu maisha yangu yote. Alinibembeleza niseme Kiswahili, walau maneno mawili, apate kunisikia. Nilikataa. Nilikuwa na hasira naye kwa ajili ya vile vitabu.

"Skiza, mama," aliniambia. "Natafuta nyumba. Kaunsili, hawa wa mtaa wanaogawa nyumba, wameniweka kwenye orodha. Nikipata tu n'takuja kukuchukua, mchana kweupe, mie mwenyewe. Lakini usimwambie mtu. Mtu yeyote. Wakinipata kabla sijapata nyumba, watanirudisha, na nikirudi sitoki tena."

Alinirudia hayo kila wiki, tena pole pole, kwa hiyo siwezi kusema sikuambiwa. Nilijua kwamba mama anangoja nyumba, kwamba nyumba ikipatikana tutakaa wote wawili, na kwamba siri yote iko mdomoni mwangu.

Nyuma ya uzio wetu, chini ya banda la mbao la jirani, kulikuwa na mbweha jike na watoto wake. Sikio lake moja lilikuwa limechanika. Harufu yake ilikuwa kali ya mkojo uliochacha, na mvua ikinyesha iliingia mpaka jikoni. Vijana wa mtaa walikuwa wakimtupia chupa, kwa hiyo alikuwa mwoga ajabu; ukifungua dirisha tu, hayupo.

Asubuhi moja kabla ya shule Ami alimwona akipita juu ya uzio, na chai yake ikapoa. Alikuwa msasi tangu ujana wake, akiwinda na wenzake nguruwe mwitu waliofukua mihogo, na paa. Hawakuwa na bunduki. Walikuwa na mbwa na nyavu, na walikuwa na mtu mmoja wa kumwita mnyama kwa mdomo. Mtu huyo alikuwa Ami. "Nikimtaka huyu aje hapa mlangoni atakuja," alisema, na mimi nikamwambia hawezi.

Basi tukaanza. Tuliketi kwenye ngazi ya mlango wa nyuma, baridi inatukata, koti lake limenifunika mimi. Aliweka midomo nyuma ya kiganja akavuta hewa, ukatoka mlio mwembamba wa panya aliyebanwa. Mbweha aliinua kichwa kule juu ya uzio. Akanusa. Akatutazama muda mrefu, kisha akageuka akaenda zake. Asubuhi ya pili vivyo hivyo, na ya tatu.

Ami hakuudhika hata kidogo. Alinifundisha kazi yake kwa raha, kama watu wengine wanavyofundisha watoto kucheza bao. Kaa upepo ukupige usoni, usikae ukupige mgongoni. Ita kidogo, kisha nyamaza mpaka uchoke, na ukichoka nyamaza tena. "Mwoga humwiti juu juu," alisema. "Ukimwita mno atajua unamtaka." Na kwa kuwa hatukuruhusiwa kuongea, tulizungumza kwa mkono wake: kiganja kimefunguka juu, maana yake ngoja, vidole vikipinduka chini, maana yake sasa. Nilijua kuusoma mkono ule kuliko nilivyojua kusoma saa.

Siku mbili hakuita kabisa. Alikwenda uzioni akainama, sikio kwenye ubao, akasikiliza watoto wa mbweha wakilia njaa. Siku ya tatu alikaa mahali pake, akabana koo, akatoa mlio ambao sikuwa nimewahi kuusikia kwa mtu mzima: mwembamba, wa kukatikakatika, wa mtoto aliyelia mpaka kachoka.

Mbweha aliruka uzio. Hakunusa upepo wala hakuzunguka. Alikuja mbio moja kwa moja mpaka miguuni petu, ningenyoosha mkono ningemgusa. Alituona, na bado hakukimbia. Alitazama chini ya ngazi. Alitazama nyuma ya miguu ya Ami. Alitazama chini ya ndoo.

"Amefurahi kutuona!" nilipiga kelele, nikapiga makofi, na hapo ndipo alipokimbia.

Ami alicheka mpaka akakohoa. "Huo ndio mwito usioshindwa," alisema. "Hata paa jike huja hivyo hivyo. Lakini ni wa mara moja, ukishautumia hautumiki tena." Kisha akaniburuta bombani ninawe mikono mara saba, ya kwanza kwa udongo wa chungu cha maua, kwa sababu mbweha kwake yeye alikuwa mbwa tu na najisi ni ile ile. Nilimwambia hatukumgusa. Alisema hatujui. Kesho yake chini ya banda hapakuwa na kitu. Mama mbweha alikuwa amewahamisha watoto wote, na sikumwona tena.

Lakini siku ile aliyokuja nilikaa na furaha kutwa shuleni. Nilimwona mnyama mwoga kuliko wote akija mbio kwetu, na kwa akili yangu ya miaka tisa alikuja kwa kuwa tumemwita vizuri. Jioni nikamuuliza Ami, "Na mama? Unaweza kumwita na mama?"

Akaweka kikombe chini. "Mama yako yuko wapi nimwite?"

Nikamwambia. Nilimwambia habari ya Alhamisi, ya saa, ya simu inayokatwa sauti nyingine ikiitikia. Hakunibana wala hakunitisha. Nilitoa mwenyewe, nikiwa nimekaa mapajani pake. Habari ya kaunsili sikuitaja, kwa kuwa aliniuliza yuko wapi tu. Ami akanipapasa kichwa. Kisha akasema, "Mie siwezi kumwita. Kwa sauti yangu haji. Wewe unaweza."

Tulifanya mazoezi jikoni jioni mbili. Niseme tumbo linaniuma. Niseme niko peke yangu, Ami hayupo. Maneno machache, yakatike. Akiniuliza swali nisijibu, nilie. "Na useme Kiswahili," alisema, "mama yako anapenda ukisema Kiswahili." Alinisahihisha matamshi. Nilikosea, akacheka, nikarudia, akanipa biskuti. Ulikuwa mchezo mzuri kuliko yote niliyowahi kucheza na mtu mzima, na mwisho wake ungekuwa mama nyumbani.

Alhamisi hiyo Ami hakwenda msikitini. Baba alikuwa chumbani na wazee wawili wa kwetu waliokuja na makoti yao mazuri. Mimi nilikaa sebuleni karibu na simu, na Ami akakaa chini kwenye zulia mbele yangu, kiganja chake kimefunguka juu. Simu ikalia. Nikaiacha ilie mara tatu kama tulivyopatana, nikainua.

Mama alikuwa na sauti ya furaha. Nakumbuka hilo kuliko kitu kingine chochote. "Mwanangu, skiza, nina habari. Ni—"

Vidole vya Ami vikapinduka.

"Mama, tumbo," nikalia. "Tumbo linaniuma sana. Niko peke yangu, mama. Njoo."

"Ami yako yuko wapi?"

Nikalia.

"Kuna nani hapo karibu yako?"

Nikalia. Kiganja cha Ami kilisema ngoja, na upande wa pili wa simu pakawa kimya. Nilisikia pumzi zake. Kimya kile kilikuwa kirefu mno, na mimi nikaogopa kwamba atakata, nikaanza kulia kweli, machozi na makamasi, Ami akitingisha kichwa kwa kuridhika.

"Usile kitu," mama alisema mwisho. "Nakuja."

Saa nzima haikutimia. Nilimwona dirishani akija mbio barabarani na sare yake ya buluu ya kazini, koti kavaa mkono mmoja, wa pili unaburura. Nikafungua mlango. Alipiga magoti palepale kizingitini, hata salamu hakutoa, akanibonyeza tumbo upande wa kulia, kisha wa kushoto, kama alivyofundishwa chuoni. "Wapi? Hapa? Hapa je?" Sikujua niseme wapi. Ami hakunifundisha hapo.

Nilitazama nyuma yangu, naye akatazama. Baba alikuwa amesimama. Wazee wawili wamesimama. Mezani pana sinia, doti mbili za kanga mpya, udi, halua imefunguliwa kabisa. Ami akampita mama pembeni, akaufunga mlango taratibu.

"Mtoto haumwi?" mama aliuliza. Mkono wake ulikuwa bado tumboni kwangu.

"Haumwi, alhamdulillahi," Ami alijibu. "Kafanya jambo la kheri huyu. Kamrudisha mama yake."

Wale wazee wakasema mashallah. Na mimi nilitabasamu. Nilimtazama mama nikitabasamu, nikingoja afurahi.

Walizungumza mpaka magharibi. Nasema walizungumza wao. Mama alikaa kwenye kiti na koti lake vile vile, mkono mmoja ndani, mmoja nje. Baba alitakiwa aahidi, akaahidi. Ikasomwa fatiha. Halua ikaliwa. Mama hakurudi chuo, na kazini aliacha wiki ile ile. Baba naye alitimiza ahadi yake kwa namna yake, maana hakumpiga tena mbele ya watu. Mimi niliyekuwa nyuma ya ukuta wa chumba cha pili nadhani sikuhesabiwa.

Na jambo lile likawa kichekesho. Kila Idi ndugu wakijaa, lazima aseme mtu, "Tuonyeshe ulivyompigia mama simu!" Nami nilipanda juu ya kigoda, brashi ya nywele sikioni, nikalia "mama, tumbo", na Ami akakaa chini akafanya mkono wake, ngoja, sasa, watu wakaanguka kwa kucheka. Nilikuwa mtoto aliyerudisha amani nyumbani. Mama wakati huo huwa na kitu cha kuangalia jikoni. Nilidhani anaona haya.

Sijui ni mwaka gani niliacha kucheka. Najua tu kwamba nilipokuwa binti mkubwa nilikuwa nikipanda kigoda kile na tumbo linanikata kweli. Msiniambie kwamba Ami alikuwa mtu wa zamani na hakujua. Alijua. Yeye ndiye aliyekaa na sikio uzioni siku mbili ili uongo usikike kama kweli. Aliona mwanamke ambaye hatimaye amekwenda pasipofikiwa na mkono wa ndugu yake, akaona paa jike, akatafuta kitoto chake, akakikuta mapajani pake kinakula biskuti. Wala msiniambie ni mila. Mila ile naijua, na ndani yake mwanamke ana watu wa kwao waliokaa upande wake, wanaosema kwa sauti, wanaoweza kusema harudi. Wao walichukua sinia wakaacha watu wa kwao mke. Mama alikuwa peke yake dhidi ya wanaume wanne, na wa upande wake aliyekuwapo alikuwa mtoto anayetabasamu. Na hasira yangu haipungui kwa sababu alinipikia na kunisuka. Inazidi.

Alipokufa Ami nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Hitma ilisomwa pale pale kwetu Kilburn. Wanaume walikuwa wameshaondoka, wanawake wamebaki sebuleni wanashushia pilau kwa kahawa, na Shangazi, dada yao baba na Ami, akapangusa macho akasema, "Hebu, mwanangu, tupe ile ya simu. Tumkumbuke maskini kwa kicheko."

Nikakataa. Wakanisukuma. Nikasimama, bila kigoda, nikaanza, kwa kuwa nilikuwa nimezoea kutii pale. Wakacheka nilipofika kwenye mkono. Wakacheka nilipoinua simu. Nikasema, "Mama akasema, mwanangu, skiza, nina habari," na hapo nikakwama. Miaka kumi na mitatu nimeisimulia hadithi ile na sikuwahi kumuuliza ilikuwa habari gani.

Niliwaacha nikaenda jikoni. Mama alikuwa anakwangua ukoko kwenye sufuria kubwa.

"Mama, siku ile ulitaka kuniambia nini?"

"Siku ipi?"

"Unaijua."

Hakugeuka. "Nyumba," alisema. "Vyumba viwili, Willesden. Nilikuwa na funguo mkononi, wamenipa asubuhi ile ile. Nilitaka kukwambia Jumamosi nakuja." Akakwangua tena. "Niliporudi kwa mume, kaunsili wakaandika nirudishe funguo. Nikarudisha."

Nilianza kulia. Mama akageuka, na usoni alikuwa na hasira ambayo sikuwahi kuiona kwake, hata kwa baba.

"Usinililie," alisema. "Leo usinililie."

"Hukujua kama ni uongo?"

"Nilijua. Wewe toka uzaliwe ukiumia unalia Kiingereza. Mummy, Mummy, mtaa mzima unasikia. Siku ile ukalia Kiswahili safi, tumbo linaniuma sana, neno kwa neno, hata mie nisingelisema vizuri vile. Nikajua una mtu kando yako. Na mtu mwenyewe nikamjua."

"Basi mbona ulikuja?"

Alibwaga upawa ndani ya sufuria. "Nilisimama kituoni na zile funguo. Basi la kwanza likaja, nikaliacha. Nikasema, wakishanifungia mlango, nyumba hii nishaikosa. Halafu nikasema, na kama safari hii moja anaumwa kweli? Basi la pili nikapanda." Akafuta mikono kwenye kanga. "Una swali jingine?"

Nilirudi sebuleni, na Shangazi akanipokea kwa kicheko. "Haya, malizia! Mama yako kaja mbio, ehe?"

Nikamalizia. Niliwaambia kuhusu funguo, na Willesden, na vyumba viwili, na Jumamosi ambayo haikufika. Niliwaambia nani alinifundisha kulia, na jioni ngapi, na kwa biskuti ngapi. Niliwaambia mama alipiga magoti wapi, na nani aliufunga mlango, na nilichokuwa nikikisikia nyuma ya ukuta baada ya wazee kula halua yao wakaenda zao. Sauti ilikuwa imenipanda. Hakuna aliyecheka. Mmoja alianza kukusanya vikombe.

"Astaghfirullah," Shangazi alisema. "Marehemu hasemwi, mwanangu. Tusome fatiha tuyafunge haya." Akainua mikono, na wanawake wote wakainua yao.

Mama alikuwa amesimama mlangoni, yeye ambaye hakuwahi kukaa chumbani humo hadithi ile ikisimuliwa.

"Shusheni mikono," alisema. "Mtoto hajamaliza."